Barua ya wazi: Kabla hamjaligeuza tena somo la kompyuta

Kwa Waziri wa Elimu. Kwa wakuu wa KICD (taasisi ya mitaala), KNEC (baraza la mitihani) na TSC (tume ya walimu), Nairobi

Waheshimiwa,

KUH: KIPINDI, MAABARA NA MTIHANI WA SOMO LA KOMPYUTA

Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 ndio kundi la kwanza la CBC, mtaala wa umilisi, kufika sekondari pevu. Walipoanza Gredi ya 7 mwaka 2023, Sayansi ya Kompyuta ilikuwa somo la hiari lenye jina lake. Baada ya ripoti ya jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu, masomo ya sekondari msingi yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9, na mwaka 2024 kompyuta ikaunganishwa na biashara na ufundi ndani ya somo moja, Pre-Technical Studies. Sasa baadhi ya watoto hao wamechagua Computer Studies katika mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na mwalimu anayewapokea hana namna ya kujua walichobeba. Mmoja ameshaandika programu, jirani yake anatafuta herufi moja moja kwenye kibodi, na matokeo yao ya Pre-Technical yanaweza kuwa sawa.

Tunaoandika ni walimu wa kompyuta na mafundi wa maabara za shule. Hatuombi mtaala mpya. Tumechoka na mitaala mipya. Tunaomba mtenge mambo yasiyobadilika katika somo hili, myape kipindi chake kwa wiki, na mtihani upime kile mwanafunzi anachoweza kukifanya mbele ya macho ya mwalimu.

Somo hili limekuwa likiitwa kwa jina la chombo kilichokuwa sokoni wakati huo. Mwaka 1964, John Kemeny na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walitengeneza lugha ya BASIC ili hata mwanafunzi wa historia au fasihi aweze kuitumia kompyuta ya chuo. Mwaka 1968 chama cha wanakompyuta cha ACM kikatoa mtaala wake wa kwanza wa vyuo vikuu, na tangu hapo umepitiwa upya mara kadhaa: 1978, 1991, 2001, 2013, 2023. Ukiilinganisha utaona hisabati ya kukokotoa ikipungua, mitandao ikiingia, usalama wa data ukipewa eneo lake mwaka 2013, na akili unde (AI) ikipanda cheo. Lakini algoriti, yaani mpangilio wa hatua za kutatua jambo, pamoja na namna ya kupanga data, na jinsi mashine yenyewe inavyotekeleza amri, havijawahi kutolewa.

Katika shule za upili za Marekani, mtihani wa kompyuta wa Advanced Placement ulianza 1984 kwa lugha ya Pascal, ukahamia C++ mwaka 1999, ukaingia Java mwaka 2004. Lugha tatu katika miaka 20. Walimu walibadilisha vitabu na kurudi darasani kujifunza upya, ilhali maswali yenyewe yalibaki yaleyale: tafuta kitu ndani ya orodha, panga orodha, sema kitanzi, yaani amri zinazorudiwa, kitazunguka mara ngapi.

Uingereza ndiyo yenye funzo kubwa kwetu, kwa sababu ilifanya makosa ya pande zote mbili. Kuanzia mwisho wa 1981 kompyuta ya BBC Micro iliingia shuleni. Ukiiwasha, BASIC ilikuwa tayari inakungoja. Kadiri miaka ya 1990 ilivyosonga, somo likageuka kuwa TEHAMA: kuandika barua, kuchora jedwali, kuandaa slaidi. Januari 2012 shirika la Royal Society lilisema wazi kwamba hali hiyo hairidhishi, na Septemba 2014 mtaala mpya ukaanza, ambao mtoto wa miaka 5 hadi 7 anatakiwa aandike programu ndogo, asahihishe makosa yake na kutabiri itafanya nini. Hilo lilikuwa zuri. Kisha mwaka 2017 shirika lilelile likarudi na kusema ufundishaji ni wa hapa na pale na msingi wake ni dhaifu, maana walimu walipewa mtaala bila kupewa mafunzo. Serikali ikatenga pauni milioni 84, na mwaka 2018 kikaanzishwa kituo cha kitaifa cha kuwafunza. Wakati huohuo mtihani wa TEHAMA ulikuwa umefutwa, na idadi ya wasichana wanaofanya mtihani wowote wa kompyuta ikaporomoka. Usiache mbachao kwa msala upitao: lahajedwali na hifadhidata zina kazi yake, na hatutaki zitupwe kwa sababu kuna jina jipya mjini.

Kwetu, silabasi ya 8-4-4, mfumo uliotangulia CBC, ilikuwa na mpangilio ambao haukupewa heshima yake. Kidato cha 1 kilisoma mashine na mfumo endeshi, cha 2 programu za ofisini, cha 3 uwakilishi wa data na misingi ya kuandika programu, cha 4 mitandao. Kasoro yake ilikuwa katika mpangilio wa miaka. Mwanafunzi alikaa miaka miwili mizima kabla ya kuandika mstari wake wa kwanza wa programu, na alipofika Kidato cha 3 akakutana na Pascal au Visual Basic kwa mihula michache, akakariri sehemu za programu kama anavyokariri sehemu za ua. Mfumo jozi, wa kuandika namba kwa 0 na 1 pekee, nao ulifundishwa kama hesabu za kugeuza namba, bila kusema unafaa nini.

Hilo la mwisho linatuuma, kwa sababu mfano umo katika shilingi iliyo mfukoni mwa kila Mkenya. Iambie Python, lugha ya kuandikia programu, ijumlishe 0.1 na 0.2, na jibu linatoka 0.30000000000000004. Mashine haijaharibika. Moja ya kumi haina mwisho ikiandikwa kwa tarakimu 0 na 1 pekee, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho ikiandikwa kwa desimali, kwa hiyo kompyuta inaikata mahali fulani. Ndiyo sababu mtu anayeandika programu ya fedha huhifadhi senti kwa namba kamili: shilingi 150.50 inaandikwa 15050. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja, sura nzima ya uwakilishi wa data inapata maana, na haitachakaa hata lugha zikibadilika mara kumi.

Sasa tuwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Andikeni ubaoni mistari hii minne:

a = 5
b = 8
a = b
b = a

Waulizeni darasa: mwishoni a ni ngapi na b ni ngapi? Wengi watasema namba zimebadilishana, a ni 8 na b ni 5. Jibu sahihi ni 8 na 8. Kosa hili lina sababu mbili zinazojulikana. Kwanza, alama ya = katika Hisabati husema pande mbili ni sawa, lakini katika programu ni amri: chukua kilicho kulia, kiweke kwenye kisanduku cha kushoto, na kilichokuwamo kinafutika. Pili, mwanafunzi anadhani kompyuta inasoma mistari yote kwa pamoja na kuelewa nia yake, kama mama anavyoelewa mtoto kabla hajamaliza sentensi.

Dawa yake ni jedwali la kufuatilia. Chora safu ya a na safu ya b, kisha shuka mstari kwa mstari ukiandika thamani mpya na kukata ya zamani. Kwenye mstari wa tatu, 5 inakatwa ndani ya a na 8 inaingia. Hapo simama uulize: ile 5 iko wapi? Haipo popote. Kisha leta vikombe viwili, kimoja cha chai na kingine cha uji, uwaombe wabadilishane vinywaji. Hakuna atakayekosa kuomba kikombe cha tatu. Kikombe hicho ndicho kigeu, yaani kisanduku, cha tatu ambacho programu ilikikosa. Zoezi zima linachukua dakika 10 na halihitaji umeme.

Mwanafunzi asiyeweza kufuatilia mistari minne hawezi kuandika arobaini, na ukimlazimisha atanakili. Ndiyo maana tunaomba mtaala useme waziwazi kwamba kusoma programu kunatangulia kuandika. Sue Sentance na wenzake wa Uingereza wameipanga kazi hii katika hatua tano, mbinu inayoitwa PRIMM: mwanafunzi atabiri programu itatoa nini, aiendeshe, aichunguze, airekebishe, ndipo atunge yake. Katika kipindi cha dakika 40, dakika kama 8 zinaisha kwa kwenda maabara na kuwasha mashine. Zilizobaki zinatosha kutabiri, kuendesha na kuchunguza. Kurekebisha na kutunga kunangoja kipindi kinachofuata. Mwongozo wa mwalimu unaopanga kutunga programu nzima ndani ya kipindi kimoja umeandikwa bila kufikiria darasa halisi.

Kuna njia nyingine inayofaa sana madarasa yetu makubwa. Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand waliieleza mwaka 2006: programu iliyo sahihi inakatwa vipande, mstari mmoja kila kipande, vinachanganywa, na wanafunzi wanavipanga upya. Sisi tunaifanya hivi. Programu ya mistari 7 inaandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila na kukatwa. Unaongeza kipande kimoja cha uongo, chenye kosa linalofanana na ukweli, kama < mahali pa <=. Vipande 8 vinaingia kwenye bahasha. Darasa la wanafunzi 48 linahitaji bahasha 12, moja kwa kila wanne, na dakika 8 hadi 10. Usiweke vipande vya uongo zaidi ya viwili, maana zoezi linageuka bahati nasibu. Usiviache pia vikiwa na namba nyuma. Watoto wetu ni werevu, watafuata namba. Mwalimu anayepita kati ya vikundi anasikia hasa mahali fikra ilipokwama, jambo ambalo haliwezekani kila mtu akiwa ameinamia skrini yake.

Tunakuja kwenye vifaa, ambako fedha nyingi zimekwenda. Mpango wa vishikwambi ulioanza 2016 ulifikisha vifaa zaidi ya milioni 1 kwa shule za msingi zaidi ya 20,000. Vingi vilifungiwa stoo kwa kuogopa wezi, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini betri ya lithiamu haivumilii kufungiwa ikiwa tupu. Inaendelea kupoteza chaji kidogo kidogo, voltiji ikishuka mno saketi ya kinga inaikata, na kishikwambi hakiwaki tena hata ukikichomeka siku nzima. Kifaa kinachowekwa stoo kiachwe na chaji ya karibu nusu, mahali pakavu pasipo joto la mabati, na kichajiwe kila baada ya miezi miwili. Maagizo ya mstari mmoja ukutani, pamoja na jina la mtu mwenye zamu, yangeokoa mali nyingi.

Kompyuta za mezani nazo zina maradhi yake, na mengi ni ya bei ndogo. Ya kawaida kabisa ni betri ya saa, ile ya duara aina ya CR2032 yenye volti 3, iliyo kwenye ubao mama. Ikifa, kila mashine inapozimwa kwenye soketi inasahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Mwanafunzi akifungua tovuti salama anaambiwa cheti cha tovuti hiyo, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, si halali, kwa kuwa kwa mashine hiyo cheti hicho bado hakijaanza kutumika. Shule inaandika ripoti kwamba intaneti ni mbovu, fundi anaitwa kutoka mjini kuja kukagua waya, na kumbe tatizo ni betri. Vumbi la barabara za murram linaziba feni ya pawa saplai. Mashine inajizima baada ya dakika 20 na kuonekana imekufa. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika unaunguza pawa saplai zile zile, na stabilaiza isiyo na waya wa ardhi haiwezi kuzikinga ipasavyo.

Kwa hiyo tunaomba kila zabuni ya vifaa, katika kila shilingi 100, itenge 15 za matengenezo na vipuri, na fedha hizo zikae shuleni badala ya kukaa kwa msambazaji. Tena, msinunue mashine bila kuhesabu umeme. Kompyuta 12 za mezani pamoja na skrini zao, kwa makadirio ya wati 100 kila moja, zinataka wati 1,200. Vipakatalishi 12 vya wati 40 vinataka 480. Kwa shule inayotegemea sola, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama somo litafanyika siku ya mawingu. Na mashine 12 zinatosha darasa la 48 ikiwa nusu yao wanakaa wawili wawili kwenye mashine huku nusu nyingine wakipanga vipande vya karatasi, kisha wanabadilishana kipindi kinachofuata.

Jambo moja haliwezi kungoja. Oktoba 14, 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za mitumba zilizo shuleni haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu ya prosesa yake au kukosa TPM 2.0, kijenzi cha usalama. Mashine hizo bado ni nzima. Zikiwekewa Linux (mfumo endeshi wa bure), LibreOffice (programu za ofisini) na Python zitafundisha miaka mingine mingi. Kinachowatia walimu wasiwasi ni mtihani, wakiogopa mtahiniwa wao ataadhibiwa kwa kuhifadhi faili ya aina nyingine. KNEC iseme kwa maandishi kwamba lahajedwali yoyote na hifadhidata yoyote inakubaliwa, na itaje aina za faili zitakazopokewa.

Tukiwa kwenye mtihani, tuseme juu ya mradi. Karatasi ya tatu ya kompyuta katika KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari wa 8-4-4), 451/3, ilibuniwa kwa nia njema: mtahiniwa achunguze tatizo halisi, abuni mfumo, autengeneze na kuuandikia maelezo. Leo miradi iliyokamilika inauzwa mitandaoni ikiwa na kurasa zake zote, na tangu mwisho wa 2022 kuna programu za akili unde zinazoandika mfumo wa duka au maktaba kwa sekunde chache. Anayeumia ni mtoto aliyehangaika mwenyewe, ambaye mfumo wake una madoadoa na alama zake ni chache. Mnapoandaa tathmini ya sekondari pevu, msiurithi mpangilio huo.

Mradi uendelee, lakini ufanyike katika vikao vinne ndani ya maabara, na kila kikao kiishe kwa faili inayobaki shuleni. Mwishoni, kila mwanafunzi aketi na mwalimu dakika 7. Mwalimu achague mistari mitano ya programu yake na kuuliza: huu ukiondolewa, kitatokea nini? Kisha ampe badiliko dogo, kama kuongeza punguzo la bei kwa mteja anayenunua zaidi ya bidhaa 10, na amtazame akilifanya. Aliyenunua mradi atajulikana kabla ya dakika ya tatu. Wanafunzi 40 kwa dakika 7 ni dakika 280, sawa na vipindi saba vya dakika 40. Shule inaweza kuvimudu. Mtahini wa nje apitie sampuli ya watano kwa kila shule, akichagua mwenyewe.

TSC, hili lenu. Mwalimu wa Pre-Technical mara nyingi alisomea biashara, kilimo au ufundi, na hakosi bidii. Semina ya siku tano wakati wa likizo inamfundisha kufungua programu, haimfundishi kwa nini mwanafunzi wake anaamini a na b zimebadilishana. Mpeni saa 60: saa tatu kwa wiki, wiki kumi kwa muhula, mihula miwili, katika shule iliyo karibu naye, akijaribu darasani wiki hii alichojifunza wiki iliyopita. Na kila shule tano zipate fundi mmoja wa maabara, siku moja kwa wiki kila shule. Mwalimu anayeingia darasani na bisibisi mfukoni hana muda wa kuandaa bahasha.

Kuhusu kipindi, sekondari msingi ina vipindi vinne vya Pre-Technical kwa wiki. Tunaomba kimoja kati yake kiandikwe kwenye ratiba kama cha kompyuta, kisiachwe kwa hiari ya mwalimu anayesukumwa na sehemu nyingine za somo. Kimoja kwa wiki, kwa miaka mitatu yenye takriban wiki 30 za kufundisha kila mwaka, ni vipindi 90. Katika vipindi 90 mtoto anaweza kufuatilia programu, kupanga vipande, kuandika kitanzi na kukisahihisha, kuelewa kwa nini senti huhifadhiwa kwa namba kamili, na kutengeneza lahajedwali ya hesabu za kibanda cha mzazi wake.

KICD inaweza kuanza na waraka wa ukurasa mmoja kabla ratiba za mwaka ujao hazijapangwa, wenye mambo ambayo kila mwanafunzi wa Gredi ya 9 atakuwa ameyafanya bila kujali shule ina mashine ngapi. Tumeanza kuuandika. Tutauleta Nairobi pamoja na bahasha 12 za vipande, na tunaomba wakuza mitaala waketi wanne wanne wavipange kabla ya kikao kuanza.

Ni sisi,

Walimu wa kompyuta na mafundi wa maabara za shule